Bibi Mwenye Macho Makali: Historia ya Tamthilia za Mauaji Tunazozipenda



Leo tuzungumze juu ya zile tamthilia za mauaji zisizotisha. Mnazijua. Kijiji kizuri, maua madirishani, chai na keki mezani, halafu ghafla mtu anakutwa maiti sebuleni. Damu hatuonyeshwi. Askari anakuja mbio, anamkamata asiye na hatia. Kisha anatokea bibi mmoja ambaye si askari wala wakili, hana cheo, hana mshahara wa kazi hiyo. Anauliza maswali mawili matatu, anatazama kikombe kilichowekwa mahali pasipo pake, na kabla hujamaliza kukunja nguo zako ukweli umeshatoka.

Ukifikiri, ni jambo la ajabu. Sisi ambao wengine wetu hata kuku akichinjwa tunageuza uso, vipi tunatulia mbele ya hadithi ya mauaji kwa raha kama tunasikiliza taarabu? Waume zetu husema ni kupoteza wakati. Wengine husema ni umbea tu tumeuvisha nguo nyengine.

Mimi naona sababu iko kwengine, na ukiitafuta utaikuta katika historia. Kinachotuvuta si maiti. Kinachotuvuta ni yule aliyesingiziwa anapotolewa lawamani, tena anatolewa na mtu ambaye hakuna aliyemhesabu. Na ukirudi nyuma miaka mia tatu na kitu, utagundua kwamba huyo bibi tunayemshangilia leo, zamani hakuwa mpelelezi. Alikuwa ndiye mshukiwa.

Devon, mwaka 1682

Tuanzie kusini-magharibi ya Uingereza, katika jimbo la Devon. Kuna mji mdogo wa bandari unaitwa Bideford. Hapo waliishi wanawake watatu: Temperance Lloyd, Susannah Edwards na Mary Trembles. Wawili walikuwa wajane, mmoja hakuolewa. Walikuwa maskini wa kuomba mkate milangoni mwa watu, hawana mume wala ndugu wa kusimama nyuma yao.

Jirani akaugua. Ugonjwa haukueleweka. Watu wakaanza kunong'ona, na minong'ono ikatafuta pa kutua. Ikatua kwa wanawake hao watatu. Walishtakiwa kwa uchawi, wakahukumiwa, na tarehe 25 Agosti 1682 wakanyongwa Exeter, mji mkuu wa Devon. Wamo miongoni mwa watu wa mwisho kuuawa kwa tuhuma za uchawi nchini England. Miaka hamsini na kitu baadaye, kwa sheria ya 1735, mashtaka ya aina hiyo yakafutwa.

Ziangalie sifa zilizowaponza wanawake wa namna hiyo kote Ulaya. Mzee. Anaishi peke yake. Anapita nyumba hadi nyumba, kwa hiyo anajua nani kagombana na nani. Anajua miti ya dawa. Anatazama sana. Zikumbuke sifa hizo, maana tutakutana nazo tena, na safari hiyo zitakuwa sifa za kuheshimiwa.

Wanawake wanashika kalamu

Karibu karne moja na nusu baada ya sheria ile, upande wa pili wa bahari, alikuwako mwandishi wa New York aitwaye Anna Katharine Green, binti wa wakili. Mwaka 1878 alitoa riwaya ya upelelezi iitwayo The Leavenworth Case na ikauzwa sana, miaka tisa kabla ya Sherlock Holmes kuonekana kitabuni. Baba yake alikuwa mwanasheria, na riwaya zake zilijulikana kwa kujua vizuri mambo ya sheria na ushahidi.

Mwaka 1897 Green akamleta mwanamke mmoja, Amelia Butterworth. Bibi huyu ni mtu wa heshima zake, hajaolewa, na anaishi New York. Usiku mmoja anasikia gari la farasi limesimama nyumba ya jirani ambayo inajulikana haina watu. Anachungulia dirishani. Kesho yake maiti inakutwa humo ndani. Mpelelezi wa polisi anayo elimu ya kazi, lakini Bi Amelia anajua mambo ya nyumba, ya nguo na ya kofia za wanawake, na mambo hayo ndiyo yanayohitajika.

Kabla ya hapo, mwaka 1890, Devon ile ile iliyowanyonga wanawake watatu wa Bideford, katika mji wa Torquay, akazaliwa mtoto wa kike aliyekuja kuitwa Agatha Christie.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Agatha alifanya kazi ya uuguzi hospitalini kwao Torquay, kisha akahamia chumba cha kutengenezea dawa. Huko ndiko alikojifunza sumu: ipi inaua polepole, ipi ina ladha, ipi inafichika kwenye kahawa. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1920, na aliyekufa humo alikufa kwa sumu.

Lakini jambo jengine lilimfika, na wanawake tutalielewa upesi. Disemba 1926, baada ya mumewe kumwambia kuwa anampenda mwanamke mwengine na anataka talaka, Agatha alitoweka. Gari lake likakutwa limeachwa, yeye mwenyewe hayupo. Kwa siku 11 nchi nzima ilimtafuta na magazeti yakajaza kurasa. Wako waliosema kajiua, wako waliosema kauawa na mumewe, wako waliosema anatafuta umaarufu wa kuuza vitabu. Alikutwa hotelini Harrogate, kaskazini. Maisha yake yote hakupenda kulizungumza jambo lile. Mwaka 1928 ndoa ikavunjika. Mwaka 1930 aliolewa tena na mtaalamu wa mambo ya kale, Max Mallowan, na kwa miaka mingi alifuatana naye Iraq na Syria kwenye kazi zake za kuchimbua miji ya zamani.

Katikati ya misukosuko hiyo, Disemba 1927, mwaka mmoja tu baada ya nchi nzima kumsema, Agatha alichapisha gazetini hadithi fupi ya kwanza yenye bibi mmoja anayefuma sufi pembeni mwa chumba. Huyo ndiye Miss Marple. Mwaka 1930 akapata riwaya yake ya kwanza, na mwishowe zikafika riwaya 12 na hadithi fupi 20.

Sukari ya keki

Kuna jambo la historia linalosaidia kueleza kwa nini bibi huyu alipendwa. Vita vilikuwa vimeua vijana wengi wa Kiingereza. Sensa ya 1921 ilionyesha kuwa England na Wales wanawake wamewazidi wanaume kwa zaidi ya milioni 1.7. Magazeti yakawapa wanawake wasio na waume jina la dharau, wakawaita wanawake wa ziada. Hebu fikiria uzito wa neno hilo, mtu mzima kuitwa ziada, kama chenji iliyobaki. Miss Marple ni mmoja wa hao. Hana mume, hana mtoto, ana bustani, sindano za kufumia na kijiji chake, St Mary Mead. Lakini amekitazama kijiji hicho miaka mingi kwa makini, na anajua kuwa tabia za binadamu ni zile zile popote waendapo.

Hadithi ile ya kwanza inaonyesha vizuri. Watu sita wamekaa usiku, kila mmoja atoe kisa cha siri na wengine wakitegue. Yumo mkuu wa polisi mstaafu, yumo mwanasheria, yumo mchungaji, yumo mpwa wa Miss Marple ambaye ni mwandishi. Kisa chenyewe ni cha mke aliyekufa kwa sumu baada ya chakula cha usiku. Kwenye karatasi ya kukaushia wino ya mumewe yameonekana maneno ya kutaja mamia na maelfu. Kila mwanamme chumbani anafikiri ni fedha, kwamba mume anasubiri urithi.

Miss Marple peke yake ndiye aliyejua. Kwa Kiingereza cha Uingereza, zile punje ndogo za sukari za rangi zinazonyunyizwa juu ya keki na vitamtamu zinaitwa kwa jina hilo hilo, mamia na maelfu. Sumu ilitiwa humo. Wanaume wasomi wanne walisikia fedha. Mwanamke anayejua jikoni alisikia sukari.

Wallahi hapo ndipo penye siri ya utamu wa hadithi hizi kwa wanawake. Elimu ya jikoni, ya kushona, ya kulea, ya kujua chai ya wageni inamiminwa vipi, ni elimu ambayo haina cheti na hakuna anayeiita elimu. Hadithi hizi zinaisimamisha elimu hiyo mbele ya watu kama ushahidi.

Hata kanuni za mchezo zilisaidia. Mwaka 1929 kasisi Ronald Knox, naye mwandishi wa riwaya za upelelezi, alitoa amri kumi za uandishi wa hadithi hizi, na amri ya pili ilikataza majini, mizimu na nguvu za ghaibu kuwa ndiyo jibu. Ushahidi wote uwekwe mbele ya msomaji. Ina maana bibi mpelelezi amejengwa juu ya kukataa kile kile kilichowanyonga wanawake wa Bideford. Mtu akifa, haiulizwi nani mchawi. Inaulizwa nani alikuwa wapi na nini kimo kikombeni.

Jessica anaingia sebuleni

Sinema zilimchukua Miss Marple mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini televisheni ndiyo iliyomfikisha bibi mpelelezi kila nyumba. Mwaka wake mkubwa ni 1984. Disemba ya mwaka huo BBC ilianza kuonyesha Miss Marple akiigizwa na Joan Hickson, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 78. Na kabla yake, tarehe 30 Septemba, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya Murder, She Wrote.

Mhusika wake, Jessica Fletcher, ni mjane na mwalimu wa zamani wa skuli, anaishi mji wa kubuni wa pwani uitwao Cabot Cove, jimbo la Maine. Hajui kuendesha gari, anakwenda kwa baiskeli na kwa miguu. Baada ya kufiwa na mume anaandika riwaya ya upelelezi ya kujiliwaza, mpwa wake Grady anaichukua, inachapishwa, na ghafla bibi huyu ana maisha mapya. Na nani anayeshukiwa kwa mauaji katika sehemu ile ya kwanza? Grady yule yule. Jessica hakuingia kwenye upelelezi kwa udadisi. Aliingia kwa sababu mtoto wao amesingiziwa.

Aliyemwigiza ni Angela Lansbury, mzaliwa wa London, akikaribia miaka 59. Hollywood ilikuwa imemzeesha mapema sana. Mwaka 1962, akiwa na miaka thelathini na kitu, alipewa kuigiza mama wa mwanamme aliyemzidi miaka mitatu tu. Watengenezaji wa sinema walikuwa wameshaamua kuwa wakati wake wa kutazamwa umepita. Yeye akaja kubeba tamthilia moja misimu 12, sehemu 264, mpaka Mei 1996. Kila mwaka katika miaka hiyo 12 alitajwa kuwania tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo, na hata mara moja hakupewa.

Na mwisho wake ulikuwa na funzo. Msimu wa 1994 hadi 1995 kipindi kilikuwa bado kimo katika kumi bora vinavyotazamwa Marekani. Lakini watazamaji wake wengi walikuwa watu wazima, na matangazo ya biashara yanawataka vijana. CBS ikakitoa Jumapili usiku kilipozoeleka miaka yote, ikakipeleka Alhamisi kushindana na Friends, kipindi kilichokuwa kikipendwa sana na vijana. Watazamaji wakapungua, kipindi kikafungwa. Sehemu ya mwisho ilipewa jina lenye maana ya kifo kinacholetwa na hesabu za umri wa watazamaji. Waandishi walikuwa wanasema na wakubwa wao kwa mafumbo, kama sisi tunavyosemana kwa kanga.

Waliodhani kizazi cha mabibi wapelelezi kimekwisha walikosea. Uingereza wakaja wanawake wawili watunza bustani katika Rosemary & Thyme, kuanzia 2003. Botswana ikapata Mma Ramotswe, ambaye alitoka kwenye vitabu vya Alexander McCall Smith akaingia kwenye televisheni mwaka 2008, ingawa yeye upelelezi ni kazi yake ya mshahara. Na mwaka 2025 mwandishi Muislamu wa Canada, Uzma Jalaluddin, alitoa riwaya Detective Aunty, ambayo mpelelezi wake ni Kausar Khan, mjane wa Kiislamu anayerudi Toronto kwa sababu binti yake anashukiwa kuua. Tazama mwanzo ule ule: mtoto kasingiziwa, mama anafunga safari.

Na sisi je?

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya Wazungu. Basi fungua Suratu Yusuf. Humo mna kanzu mbili. Ya kwanza wale ndugu waliipaka damu ya uongo wakamletea baba yao wakisema mbwa mwitu kamla Yusuf. Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Yaaqub aliitazama ile kanzu akaona haikuraruka, na mbwa mwitu gani huyo anayemla mtoto akaiacha nguo nzima? Kanzu ya pili ilichanika pale mke wa mheshimiwa alipomkimbilia Yusuf mlangoni kisha akamgeuzia tuhuma. Shahidi kutoka jamaa za mwanamke huyo huyo akatoa hoja: itazameni kanzu, kama imechanika mbele basi mwanamke mkweli, na kama imechanika nyuma basi Yusuf ndiye mkweli. Ilikuwa imechanika nyuma. Aliyesingiziwa alitakaswa kwa kitambaa.

Katika hadithi za Alfu Lela Ulela pia kuna kisa cha matufaha matatu. Maiti ya mwanamke inakutwa ndani ya sanduku lililovuliwa mtoni Baghdad, na Khalifa Harun Rashid anampa waziri wake Jaafar siku tatu za kumpata muuaji. Ukweli wake unauma. Mwanamke yule aliuawa na mume wake mwenyewe kwa sababu ya tufaha moja na uongo wa mtu wa njiani. Mume alisikia neno, hakuuliza, akaua.

Na hapa Unguja tunaye wetu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, na mwaka 1960 hadithi yake ikachapishwa kwa jina Mzimu wa Watu wa Kale. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa si askari wala halipwi, ni mtu wa mjini anayefikiri. Maiti inakutwa mahali panapoogopwa kwa mizimu, kila mtu anatetemeka, yeye anauliza maswali ya kawaida kabisa. Wengi wetu tulikutana naye skuli kupitia Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri. Siri anazotegua mara nyingi ni za ndani ya nyumba: ndoa, nasaba, urithi, mtoto wa nani. Kwa hiyo tunapokaa kumtazama Jessica, hatukuazima ladha ya mtu. Tulikuwa nayo.

Tofauti yetu ni moja, na ni chungu. Bwana Msa ni mwanamme. Bibi mzee wa kwetu bado hajavuka kutoka upande wa washukiwa. Kwa miaka mingi mashirika ya haki za binadamu yameripoti mauaji ya vikongwe bara, khasa mikoa ya Usukumani, wanaouawa kwa kudhaniwa wachawi. Alama moja inayowaponza ni macho mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kwa miaka ya kuwapikia watu wale wale. Kwenye tamthilia bibi mwenye macho makali ndiye anayempata muuaji. Kwetu bibi mwenye macho mekundu ndiye anayetafutwa na muuaji. Bideford ya 1682 haiko mbali nasi kiasi tunachodhani.

Mizani ya dini

Najua swali linalokuja: si tumekatazwa kuchunguzana? Ndiyo, tumekatazwa. Suratul Hujurat aya ya 12 imetukataza dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana, yote matatu pamoja. Lakini aya ya 6 ya sura hiyo hiyo imetuamrisha tunapoletewa khabari na mtu asiyeaminika tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Yaani kutafuta aibu ya mtu ni haramu, na kuthibitisha kabla ya kumhukumu mtu ni wajibu.

Tamthilia hizi nazo zinavuka mpaka, tusizitetee kupita kiasi. Jessica anafungua madroo ya watu na kusoma barua zisizo zake. Roho ya mtu inageuzwa mchezo, aliyeuawa anasahauliwa, mwishoni watu wanacheka. Cabot Cove wamekufa watu wengi hata Wamarekani wenyewe wanafanyia mzaha. Anayeona moyo wake unazoea kifo, au sala inampita kwa ajili ya sehemu nyengine moja tu, azime.

Ila kiini cha hadithi hizi kinakubaliana na kisa kikubwa kuliko vyote. Bibi Aisha, Allah awe radhi naye, alipotea mkufu wake safarini, akarudi kuutafuta, msafara ukaondoka bila yeye, akarejeshwa na Safwan. Hilo tu. Madina ikasema karibu mwezi mzima. Mtume s.a.w. aliuliza watu wa karibu. Alimuuliza Barira, mtumishi wa nyumbani, naye akasema hakuona kwake ila kheri. Alimuuliza Zaynab bint Jahsh, mke mwenza, ambaye kama ni kwa wivu alikuwa na kila sababu ya kuongeza chumvi, naye akalinda masikio na macho yake, akasema hajui ila kheri. Kisha zikashuka aya za Suratun Nur kumtakasa Bibi Aisha, zikawalaumu Waumini ambao walipolisikia neno hawakudhaniana wema, na zikaweka sharti la mashahidi wanne ambalo mpaka leo ni ngao ya mwanamke.

Mtumishi na mke mwenza. Watu ambao mji haukuwahesabu kuwa wana neno, na neno lao lilikuwa kweli.

Kwako wewe bibi harusi

Unayejitayarisha kuingia nyumba ya watu, historia hii inakuhusu kuliko unavyodhani. Mgeni ndiye wa kwanza kushukiwa. Bangili ikipotea, tangu aje huyu. Mtoto wa wifi akiugua, tangu aje huyu. Mume akipunguza fedha anazompa mama yake, tangu aje huyu. Kuna methali yetu inayosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wanawake wangapi wameachwa juu ya methali hiyo? Bibi mpelelezi anaijibu kwa maswali matatu: nani kasema, kaona kwa macho yake, na alikuwa wapi?

Ukisingiziwa, usijibu kwa kelele wala usikimbilie kwa mganga kutafuta nani kakufanyia. Tulia, kumbuka mambo yalivyokwenda, sema ulichokiona na ukomee hapo. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenyeji, mke mwenzio au mke wa shemeji yako anasemwa mbele yako, kumbuka Zaynab. Neno lako la kusema hukuona ila kheri linaweza kumwokolea mtu ndoa.

Macho uliyopewa usiyatumie kuchungulia simu ya mume usiku akiwa amelala. Huo si upelelezi wa Miss Marple, hiyo ndiyo tajassus yenyewe tuliyokatazwa, na anayetafuta kosa kwa nguvu hatalala mpaka alipate au alibuni. Kama kuna jambo linakutia shaka, muulize mchana, kwa adabu, ana kwa ana. Bibi mpelelezi mzuri huuliza maswali yake mbele ya mwenyewe.

Na pale nyumbani kwa wakwe huenda kuna bibi mzee aliyekaa pembeni na tasbihi yake, watu wanampita kama kigoda. Kaa naye. Mpelekee chai. Ameiona nyumba ile tangu kabla mumeo hajazaliwa, anajua mengi kuliko wote, na huenda miaka mingi imepita hakuna aliyemuuliza kitu.

Allah atujaalie macho ya kuona haki, ndimi za kuishuhudia, na atukinge na kusingizia na kusingiziwa. Amin.